Somo la Mboga za Uani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aitoaye mimea katika ardhi iliyokuwa kavu. Ama baada ya hayo, fadhila za mwenye kupanda mti au mbegu, akala humo mtu au ndege au mnyama, zimesomwa mimbarini na darasani mara nyingi, na hapana miongoni mwetu asiyezijua. Leo hatukukusudia kuzirejea. Tumekusudia kueleza lile lisilosemwa mimbarini: mtu akisha kuingiwa na hamu ya kupanda, akashika kijembe, aanze wapi, apande nini, na kwa maji gani, katika miji yetu hii ya Mvita, Malindi na Lamu, ambako nyumba zimebanana na ardhi ni mchanga juu ya jiwe.

Na lililotusukuma kuliandika somo hili ni jambo tulionalo kila siku. Nyumba nyingi za mitaa yetu leo hazina mboga ya majani illa sukuma wiki iliyoletwa kutoka bara kwa lori, ikapita soko la Kongowea, kisha ikakaa juu ya meza ya barabarani mpaka ikasinyaa. Siku lori zisipofika, au bei ikipanda, nyumba hula wali na mchuzi mtupu. Hatusemi sukuma wiki ni mboga mbaya; ni mboga njema, na wakulima wake twawaombea kheri. Twasema kwamba mtu aliyezungukwa na mchicha, mnavu, mwangani na kunde, mimea iliyokubali joto letu tangu zamani, haifai awe hana jani lake mwenyewe hata la kutia katika mchuzi wa jioni.

Huenda mtu akasema: Mvita haukuwa mji wa kulima tangu hapo. Hata Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka ng'ambo, na kwamba aghlabu ya chakula chao ni ndizi na samaki. Jawabu yake ni kwamba hoja hiyo yampinga aliyeileta. Msafiri huyo huyo alitaja migomba na mindimu kisiwani, na akataja visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti. Nafaka yataka shamba, na shamba hapa halikuwapo. Lakini jani la mboga halitaki shamba. Lataka mkono mmoja wa udongo, maji kidogo kila siku, na mtu wa kulitazama. Basi wazee wetu walipokosa ekari hawakuacha kupanda walichoweza katika nyua zao. Sisi ndio tuliomwaga saruji juu ya ua mzima kisha tukasema hatuna ardhi.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Awwam wa Ishbilia, katika nchi ya Andalusi, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kitabu kikubwa cha ukulima, Kitabu al-Filaha, akaeleza humo mimea 585. Na aliyatanguliza mazungumzo ya ardhi, samadi na maji kabla ya kuitaja mimea yenyewe. Sisi nasi tutaufuata mpango huo, kwani wengi wa waliopanda wakashindwa walianza na mbegu.

Ardhi ya pwani yetu, mbali na udongo mwekundu wa mashamba ya nyuma, ni ya namna mbili. Iko ya mchanga mweupe, ambayo maji hupita kama yapitavyo katika chujio. Ukimwagilia asubuhi, adhuhuri pamekauka. Na iko iliyotokana na jiwe la matumbawe, nayo ina chokaa nyingi. Dalili ya chokaa ikizidi ni kwamba majani machanga hugeuka manjano na mishipa yake ikabaki kijani. Watu hudhani mmea una kiu, wakauzidishia maji. Kumbe ulichokosa ni madini ya chuma, ambayo huenda yamo ardhini lakini chokaa imeyafunga, mizizi haiwezi kuyachukua.

Dawa ya ardhi hizi mbili ni moja, nayo ni samadi iliyooza na mboji. Hizo hushika maji mchangani, na hulegeza kifungo cha chokaa. Hapa twapenda kukosoa desturi moja iliyoenea, ya kumwaga majivu ya jikoni kila mahali kwa kudhani kuwa majivu ni mbolea ya kila ardhi. Majivu yafaa katika udongo mwekundu wenye uchachu. Ama katika ardhi ya chokaa, kuongeza majivu ni kumzidishia mgonjwa ugonjwa wake.

Samadi ya ng'ombe na ya mbuzi ni nzuri. Ya kuku ina nguvu zaidi, na itiwe kidogo. Ndugu zetu wa Lamu wana neema wasiyoihesabu, maana punda wao huiacha samadi vichochoroni bure, nayo husombwa na kutupwa. Lakini samadi yoyote isitiwe mbichi. Mbichi huunguza mizizi, na huacha vijidudu juu ya majani yatakayoliwa. Irundikwe pembeni, ifunikwe, igeuzwegeuzwe, ikae miezi 3 hadi 4 mpaka iwe nyeusi, isiyonuka, yenye kumomonyoka mkononi. Na mwenye kidonda mkononi asiishike bila ya kujikinga, khasa ya punda na farasi, kwani huko hupatikana vijidudu vya pepopunda. Na jina la maradhi hayo lingetosha kutuzindua. Sindano ya kuyakinga yapatikana hospitali.

Tumeulizwa: samadi ni najisi, je, yajuzu kuitia katika chakula chetu? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wamejuzisha kuitia samadi ardhini, na mmea uliomea humo ni tahiri. Kilichoguswa na samadi yenyewe huoshwa, basi. Na kuosha mboga ni lazima kwa hali zote.

Ambaye ua wake umesakafiwa asivunje saruji. Achukue debe, ndoo iliyopasuka, karai kuukuu au gunia, alitoboe chini matundu kadhaa ya kupitisha maji, atandike vigae au kokoto, kisha ajaze mchanganyiko huu: mafungu 2 ya udongo, fungu 1 la samadi iliyooza, na fungu 1 la makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuchambuliwa. Makumbi hushika maji kama sifongo, nayo twayatupa au kuyachoma. Ila yarowekwe na kusuuzwa kwa maji matamu mara mbili kabla ya kutumiwa, kwa ajili ya chumvi. Yale yaliyofukiwa ufukoni kwa kusokotea kamba yana chumvi nyingi zaidi, na asiyeweza kuyasuuza sana ayaache.

Ama gunia, lina hila yake. Husimamishwa, ukatiwa udongo pembeni na nguzo ya kokoto katikati, ili maji yashuke mpaka chini. Kisha ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu likapandwa mche. Mtindo huu ulienea sana Kibera, Nairobi, baada ya mwaka 2008, kwa watu wasiokuwa na hata hatua tano za ardhi. Gunia moja hubeba makumi ya miche.

Kuna mambo mawili ya kuhadharishwa katika vyombo. La kwanza ni kilichokuwamo humo kabla. Debe la rangi, la mafuta ya gari, au chombo kilichotiwa dawa ya wadudu kisipandwe kitu cha kuliwa hata kikioshwa mara saba. Na udongo pia uulizwe ulikotoka. Watu wa Mvita wajua yaliyoupata mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014, kiliacha risasi katika udongo na katika damu za watoto. Risasi haiozi wala haiondoki kwa mvua. Basi udongo wa karibu na gereji, na wa pahali pachomwapo taka na betri, usiingizwe uani.

La pili lawahusu wenye kuweka bustani juu ya sakafu za nyumba za zamani, khasa Lamu. Juu kuna jua zuri na mbuzi hawafiki. Lakini debe moja la lita 20 likijaa udongo uliorowa lina uzito wa kadiri ya kilo 30, na sakafu zile zimebebwa na boriti zilizokaa miaka mingi. Madebe yapangwe kufuata kuta, wala yasikusanywe katikati. Na maji yasiachwe kutuama juu, kwani boriti ikianza kuoza haisemi.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe. Watu husema: maji ya kunywa hatuna, tutapata wapi ya kunywesha mchicha? Na ni kweli, mifereji ya Mvita hukauka siku nyingi, na mtungi mmoja una bei yake. Lakini tuhesabu. Nyumba ya watu 5, kila mmoja akitawadha mara 5 kwa lita 1 tu, humwaga lita 25 kwa siku. Debe moja la mboga latosheka kwa lita 1, na katika kaskazi kali lita 2. Basi udhu wa nyumba hiyo, ukitawadhia juu ya beseni badala ya mferejini, hunywesha madebe 12 wakati wa ukame, na pengine 25 wakati wa baridi. Hayo ni maji ambayo leo yapita chini ya miguu yetu kwenda shimoni.

Na hukumu yake i wazi. Maji yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu ni tahiri, ingawa hayatahirishi tena. Haifai kutawadhia mara ya pili, lakini yafaa kabisa kunyweshea mmea. Twawapendekezea pia wasimamizi wa misikiti walitazame jambo hili. Maji ya udhu wa sala tano za jamaa yaweza kulea safu ya migomba, mindimu na mironge ubavuni mwa msikiti, pahali pasipo makaburi wala njia. Gharama yake ni mfereji mdogo wa kuyaongoza.

Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya kuoshea vyombo kwa sabuni kidogo yamwagwe shinani, yasiguse majani, na yapishanishwe na maji safi. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, yenye chumvi ya samaki, au ya kuoshea najisi na nguo za mtoto, hayo hayana nafasi katika bustani. Ama visima vyetu, vingi vimeingia chumvi kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi. Ukiyaonja maji ukahisi chumvi ulimini, usiyategemee. Dalili yake ni ncha za majani kuungua. Na debe lililonyweshwa maji hayo kaskazi nzima lisipandwe tena illa baada ya mvua kulisuuza. Kisha kisima na choo vikikaribiana, ijulikane kwamba jiwe la matumbawe lina nyufa, na uchafu hupita humo upesi. Mboga zilizonyweshwa maji ya kisima kama hicho zisiliwe mbichi.

Wakati wa kumwagilia ni asubuhi mapema, au baada ya alasiri jua likipoa. Udongo ufunikwe juu kwa majani makavu au makumbi, kwani kifuniko hicho huokoa maji mengi.

Na tusisahau mbu. Kisahani kilichowekwa chini ya mkebe, na beseni la udhu lililosahauliwa, ndiyo mazalio ya mbu yule aumaye mchana, aletaye homa ya dengi na chikungunya. Mvita ilipatwa na dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 hadi 2018, na wengi wetu twakumbuka maumivu ya viungo yaliyowaacha wazee wakitembea kwa kushika kuta. Yai la mbu hutimia kuwa mbu kwa siku saba, kumi. Basi maji yatumiwe siku ile ile, na visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Asiyeweza hilo ni bora asipande katika vyombo, maana atakuwa amemdhuru jirani kwa ajili ya fungu la mchicha.

Katika mimea, aanzaye na aanze na mchicha. Hustahimili joto la kaskazi kuliko mboga nyingi, na humlipa mwenyewe upesi: baada ya wiki 3 hadi 4 tangu kumwagwa mbegu, mtu huchuma. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu zikanyunyizwa, zikafunikwa kwa udongo mwembamba mno, zikizama hazitoki. Miche ikifika urefu wa kidole hupunguzwa, na ile iliyong'olewa huliwa. Iliyobaki haing'olewi. Hukatwa juu, zikaachwa pingili mbili tatu, nayo ikachipuka upya mara kadhaa kabla ya kuchoka. Mwenye madebe 4 akiyapanda kwa kupishana wiki moja moja, hakosi mchicha mwaka mzima. Kanuni hii ya kupishana ndiyo waisahauyo wengi: hupanda yote siku moja, wakala mpaka wakachoka, kisha wakakaa mwezi bila ya jani.

Mwangani na mnavu hufuata njia hiyo hiyo. Uchungu wake hupungua kwa tui, na wapo waupendao. Ila tunda la mnavu likiwa bichi, lile la kijani, lina sumu, na watoto wafunzwe kuliacha. Kunde hupandwa kwa majani yake kabla ya kuzaa. Ndugu zetu wa Kimijikenda wana majani mengi zaidi ya haya, na wana elimu ya kuyachanganya chunguni, hili chungu na hili tamu, ambayo twapaswa kujifunza kwao. Inasikitisha kwamba katika miji yetu wapo wanaoona aibu mgeni akute mchunga au mwangani juu ya sinia, kana kwamba ni ushahidi wa ufukara. Mwaka 1999 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya asili iliwayo nchini. Wanachuoni wameyaandikia kitabu majani yale ambayo sisi twayafunika kwa kawa.

Mronge, ambao wengine huuita mzungwi, hauna haja ya bustani. Kijiti cha urefu wa mita 1 kikichomekwa ardhini mwanzo wa mvua hushika. Hustahimili ukame, haupendi maji kutuama, na ukikatwa kila ufikapo kimo cha mtu huzidi matawi, majani yakawa karibu na mkono. Majani yake yana madini ya chuma na ya kalsiamu na vitamini nyingi. Yanayosemwa sokoni kwamba huponya kila maradhi tusiyachukue. Ni mboga njema, na yatosha.

Tungule zina masharti. Maua yake hupukutika usiku ukiwa na joto, na usiku wa kaskazi kwetu ni wa joto mno. Kwa hiyo miche iandaliwe masika, zile mvua ambazo wazee wa Mvita huziita mwaka, ipate kutoa maua katika kipupwe cha mwezi wa 7 na wa 8. Anayezipanda mwezi wa 12 atapata mti mzuri wa kutazama. Bamia na bilingani hazina deko hilo. Mbegu ya bamia irowekwe usiku mmoja, na tunda lichumwe likingali changa, kila siku mbili, kwani likikomaa huwa ukuti. Mpilipili mmoja watosha nyumba na jirani, na huzaa zaidi ya mwaka.

Majani ya kunukia ndiyo yafaayo zaidi nyumba zenye jua haba. Nanaa hupenda kivuli cha nusu siku na udongo wenye unyevu. Tawi lake likitiwa katika gilasi ya maji hutoa mizizi kwa siku chache. Ipandwe chombo chake peke yake, maana hutambaa ikawameza wenzake. Mchaichai hugawanywa shina, na haufi upesi kwa kiu. Mrehani wataka jua, na hukatwa vichwa kila uonyeshapo maua ili uzidi majani. Nao faida yake haikomei jikoni, wanaofunga vikuba wajua. Ama kotmiri, ambayo wengine huiita dania, ndiyo iliyowashinda wengi. Mbegu yake ni ile ile giligilani ya dukani ikiwa si ya zamani. Ni nusu mbili zilizoshikana. Hufikichwa zikaachana, zikapandwa pale pale zitakapokaa, kwani haipendi kuhamishwa. Na joto huikimbiza kwenye maua kabla ya majani. Ipandwe kipupwe, kivulini, na kaskazi iachwe.

Wadudu hawakosi. Vidukari vikikusanyika chini ya majani, visuguliwe kwa kidole na maji. Vikishinda, tuna mkilifi, ambao ndio mwarobaini, karibu kila mtaa. Kokwa zake kavu gramu 50 hupondwa, zikarowekwa katika lita 1 ya maji usiku mmoja, zikachujwa kwa kitambaa, zikatiwa sabuni kidogo, na kunyunyizwa jioni, maana jua huvunja nguvu yake. Dawa kali za dukani hazina kazi katika ua ambamo watoto hucheza.

Limebaki jambo la kula, nalo si dogo, kwani mtu aweza kupanda vyema kisha akaipoteza faida chunguni. Mama zetu wajawazito wengi, na watoto wadogo, hupungukiwa na damu. Majani mabichi ya kijani yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea mwili hukipokea kwa uzito, si kama cha nyama na samaki. Ndimu hukifungulia mlango. Ikamuliwe juu ya mboga ikisha kuepuliwa, kwa sababu moto huiharibu vitamini yake. Na chai huufunga mlango huo huo. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai ya rangi au ya maziwa papo hapo ina madhara kwa mwenye damu pungufu; ingojewe saa moja au mbili baada ya kula. Tui la nazi nalo, ambalo wengine siku hizi wameanza kuliogopa, lina kazi yake: vitamini A iliyomo katika majani haipokelewi vizuri bila ya mafuta. Kikombe kimoja katika chungu chatosha. Haya yote hayachukui pahali pa vidonge vya kliniki; mama aliyepewa vidonge na avimeze.

Kisamvu kina hukumu peke yake. Jani la muhogo lina sumu ambayo haiondoki illa kwa kutwangwa sana na kupikwa muda mrefu bila ya haraka. Lisichumwe likatiwa katika mchuzi kama mchicha, hata kama ni changa.

Kazi hii yote, kwa mwenye madebe 10, haizidi nusu saa kwa siku. Wala si kazi ya mama peke yake kwa kuwa iko uani. Mwanamume arudipo alfajiri kutoka msikitini, na jua bado halijawa kali, huo ndio wakati wake wa kumwagilia. Na kubeba samadi na udongo kwa haki ni juu yake.

Mwenye kuanza sasa asisubiri mbegu za dukani. Aombe kwa jirani, au auache mchicha mmoja ulio bora, si ule dhaifu uliobaki, ukomae mpaka suke likauke. Akipukuse juu ya kitambaa, apepete, azianike mbegu kivulini siku mbili tatu, kisha azitie katika chupa kavu, na juu yake kifuko kidogo cha majivu makavu ya kunyonya unyevu wa kusi. Hapo ndipo majivu yetu yafaapo. Chupa iandikwe jina la mbegu na mwezi ilipowekwa, iwekwe pahali pa baridi na giza, mbali na jiko.